Kisangani: Mji Ulioanzia Majini

Katika miaka ya 1970 na 1980, wasafiri wa Ulaya waliokuwa wakilivuka bara la Afrika kwa magari yaliyogeuzwa nyumba, yenye vitanda, jiko na mapipa ya maji, aghalabu waliingia Kisangani kutoka kaskazini kwa barabara ya Buta, baada ya siku nyingi za tope. Mji waliouona mbele yao ulikuwa ule waliouacha Wabelgiji: njia pana zilizonyooka, kanisa kuu kando ya mto, posta, maghala ya bandari. Haishangazi basi kwamba wengi waliondoka wakiamini kuwa hapo zamani palikuwa msitu mtupu, na kwamba Stanleyville ulikuwa kazi ya mkono mmoja. Lakini anayeingia kwa barabara huuingia mji huu kwa mlango wake wa nyuma.

Mlango wa mbele ni mto. Meli zinazopanda kutoka Kinshasa, mwendo wa kilomita 1,700 na ushei, hukomea hapa, kwani juu ya mji mto unakatwa na maporomoko saba ya Boyoma. Kwa sababu hiyo Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 hadi Ponthierville, yaani Ubundu, iliyokamilika mwaka 1906. Reli hiyo huanzia ng'ambo ya pili, upande wa Lubunga, na mto mkuu haukujengewa daraja mjini; mwenye gari sharti angoje kivuko. Kwenye poromoko la mwisho Wagenia husimika majengo ya magogo katikati ya mkondo na kuning'iniza humo mitego mikubwa ya kusuka, yenye umbo la pia. Ufundi huo ulikuwapo kabla ya kituo chochote cha mgeni. Tukitafuta mwanzilishi, hapana budi kuanza nao.

H. M. Stanley alipita katika maporomoko hayo Januari 1877, wiki chache baada ya kuagana na Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyekuwa amemsindikiza kutoka Nyangwe. Mwezi Desemba 1883 alirudi, akaanzisha kituo kisiwani na kumwacha hapo mhandisi wa Kiskoti, Andrew Binnie. Jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka ni kwamba misafara ya Stanley iliendeshwa kwa sehemu kubwa na watu waliotoka Unguja. Maana yake ni kwamba Kiswahili hakikufika maporomokoni kwa njia moja. Kilikuja na wafanyabiashara wa pembe walioshuka kutoka Nyangwe na Kasongo, na kilikuja pia katika mitumbwi ya yule anayehesabiwa kuwa mpinzani wao.

Upinzani wenyewe ulilipuka Agosti 1886. Inasimuliwa kwamba mwanamke mtumwa alikimbilia kituoni, na Kapteni Walter Deane akakataa kumrudisha. Watu wa Tippu Tip wakakishambulia kituo. Deane akakitia moto na kutorokea msituni. Jina la mwanamke huyo halimo katika masimulizi yanayojulikana, ingawa vita vilianzia kwake. Miezi michache baadaye, Februari 1887, Stanley na Tippu Tip walitia saini mkataba Unguja. Huyo wa pili akawa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold II, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Wakasafiri pamoja baharini kupitia Rasi ya Tumaini Jema, wakapanda Mto Kongo, na Tippu Tip akarejea maporomokoni akitokea magharibi! Wakati huo bendera ya Leopold ilipepea juu ya mji uliotawaliwa kwa Kiswahili. Mwaka 1890 alikwenda zake Unguja, akimwachia mpwa wake Rashid; mwaka 1893 Rashid alishindwa vitani.

Maisha ya Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili na kuchapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, ni hazina kwa wanafunzi wa lugha na historia. Hata hivyo yasomwe kwa hadhari. Ni sauti ya aliyeshika bunduki na kuhesabu pembe. Vijiji vilivyochomwa na watu waliotekwa hawana nafasi ya kujibu humo. Waliojibu, kwa namna yao, ni wale waliobaki. Baada ya vita, wafuasi wengi wa wakubwa hao, wengine wao wakiwa wamefikishwa hapo kama mateka, hawakuondoka. Walilima mpunga kandokando ya mto, wakashika Uislamu na kujiita waungwana. Ndipo likatoka jina Kingwana, ambalo Wabelgiji waliupa Uswahili wa Kongo. Wakati huohuo Kilingala kilipanda kutoka chini pamoja na meli na askari wa Force Publique, na lugha hizo mbili zikakutana sokoni.

Mji wa Wabelgiji nao una historia yake ya hasira. Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta hapo hadi mwaka 1956. Oktoba 1959 mkutano wa chama chake uliishia katika ghasia na vifo, naye akafungwa. Mwaka 1964 waasi waliouteka walijiita kwa neno la Kiswahili, Simba. Tena kati ya tarehe 5 na 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji usiokuwa wa yeyote kati yao, na mamia ya raia wakafa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya miaka hiyo kwa jumla.

Jina Stanleyville lilifutwa mwaka 1966. Lililochukua nafasi yake halikubuniwa ofisini. Wenyeji walikuwa wakilitumia, na maelezo yanayorudiwa mara nyingi hulihusisha na kisiwa. Hadi leo kuna tarafa ya Kisangani ndani ya mji wa Kisangani, nayo iko upande wa maporomoko, walipo Wagenia.