Deni la Saumu na Maradhi ya "Nitalipa Kesho"

Kila ikiingia Shaaban, maswali tunayoletewa ni yale yale: binti ana siku saba za Ramadhani iliyopita, mama ana za miaka mitatu, na siku ya kuvunja jungu imeshakaribia. Wanavyuoni huiita tabia hii taswif, kutokana na neno la Kiarabu sawfa, yaani "nitakuja kufanya".

Tusikimbilie kusema ni uvivu. Aghlabu mwenye deni hili yuko kazini tangu alfajiri. Wataalamu wa saikolojia wanaeleza kwamba mtu huakhirisha jambo kwa kukimbia hisia asiyoipenda: hofu, aibu, au uzito tu. Akisema "wiki ijayo" moyo hutulia papo hapo, na utulivu ule ndio unaomzoesha kuakhirisha tena. Siku zikirundikana huogopa hata kuzihesabu.

Basi aanze hapo, kuhesabu. Achukue karatasi aandike. Asiyekumbuka idadi afunge mpaka awe na yakini kwamba amemaliza.

Kisha aipe nia yake siku. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer alionyesha kwamba anayepanga lini na wapi atatenda hutekeleza zaidi kuliko mwenye azma ya jumla. "Nitalipa, inshaallah" haina siku. "Jumatano usiku nikishaosha vyombo nitaweka kiporo cha daku na kutia nia" inayo, na nia ya saumu ya faradhi mahali pake ni usiku.

Kuchelewesha mpaka Shaaban kunajuzu, Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akilipa mwezi huo, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, katazo la kufunga baada ya nusu ya Shaaban haliihusu kadha. Lakini akiingiliwa na Ramadhani nyingine bila udhuru, atalipa siku zake na kutoa kwa kila siku mudi moja ya mchele, yaani kibaba, robo ya pishi ya zakatul-fitri. Mahanafi hawawajibishi fidia hii. Aliyeshikwa na maradhi mwaka mzima hulipa siku tu.

Na waume wasidhani hayawahusu. Aliyekula kwa safari au homa ana deni lile lile, na ambaye mkewe analipa anaweza siku hiyo kuwapikia watoto chakula cha mchana.

Wallahu aalam.