Umbo la miguu: Lipi ni la kawaida, lipi ni la daktari na jinsi ya kuishinda haya

BINADAMU hubebwa na miguu yake tangu anaposimama dede hadi uzeeni, lakini kwa watu wengi kiungo hiki ndicho huwatia haya kuliko vyote. Yupo msichana anayeacha kucheza netiboli kwa sababu sare ya michezo huonyesha magoti yake. Yupo barobaro anayevaa suruali ndefu ufuoni katika jua la Januari kwa kuwa mashavu ya miguu yake ni membamba. Yupo pia mama asiyethubutu kuingia kidimbwini na wanawe kwa sababu ya mapaja manene.

Majina ya kejeli nayo hayakosekani. Mwenye magoti yaliyoachana huitwa 'matege', mwembamba huambiwa ana miguu ya njiti au ya korongo, naye mnene hulinganishwa na ndovu. Katika mitaa ya Dar es Salaam, mguu uliojaa kwenye shavu na kupungua kuelekea kifundoni husifiwa kuwa 'mguu wa bia', kwa mfano wa chupa iliyopinduliwa. Asiyejaliwa mguu wa aina hiyo hujiona amepunjwa na maumbile.

Haya hiyo si jambo dogo. Huweza kumnyima mtu mazoezi, marafiki na hata masomo, na mara nyingine humtia mikononi mwa wauzaji wa dawa zisizojulikana asili yake. Kwa upande mwingine, wapo wazazi wanaodhani kila mguu uliopinda ni 'wa ukoo', wakachelewa kumpeleka hospitalini mtoto ambaye angetibika. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya kukabiliana na haya si kutafuta vazi la kuficha mguu, bali ni kufahamu ni kwa nini mguu huo uko jinsi ulivyo.

Miguu hubadilika kulingana na umri

Watoto wachanga walio wengi huwa na matege, kwa kuwa hukaa wamejikunja tumboni mwa mama. Hali hiyo hupungua mtoto akikaribia umri wa miaka miwili. Baadaye mambo hugeuka: magoti hukaribiana na kuanza kugongana, na hali hiyo hufikia kilele mtoto akiwa na miaka 3 au 4. Kufikia miaka 7 au 8, miguu huwa imechukua umbo litakalodumu utu uzimani, ambapo magoti huelekea ndani kidogo. Mabadiliko hayo yalielezwa kwa vipimo na madaktari wawili wa Ufini, Salenius na Vankka, katika utafiti wa zaidi ya watoto 1,000 uliochapishwa mwaka 1975.

Kwa hivyo, mtoto wa miaka mitatu ambaye magoti yake yanagongana kwa kawaida hahitaji kukandwa kwa mafuta wala kuvishwa viatu maalumu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini mithali hiyo ilihusu malezi, wala si mifupa. Kumfunga mtoto mchanga nguo kwa kukaza ili miguu yake inyooke kunaweza kumdhuru, kwa sababu kiungo cha nyonga huweza kuteguka. Kinyume na imani ya wengi, kumbeba mtoto mgongoni kwa leso, miguu ikiwa imetanuka, hakuleti matege. Mkao huo hufaa nyonga.

Wakati wa kumwona daktari

Zipo dalili ambazo hazifai kupuuzwa. Miongoni mwazo ni matege yanayozidi badala ya kupungua baada ya mtoto kutimiza miaka miwili, mguu mmoja kupinda kuliko mwingine, maumivu, kuchechemea, na mtoto kuwa mfupi mno kuliko wa rika lake. Mzazi anaweza kupima nyumbani. Mtoto asimame vifundo vya miguu vikigusana: nafasi kati ya magoti ikizidi sentimita 6, ni vyema aonwe na mtaalamu. Vivyo hivyo, magoti yakigusana na nafasi kati ya vifundo ikizidi sentimita 8, anahitaji uchunguzi.

Ugonjwa unaojulikana zaidi ni riketi, ambao hulainisha mifupa kwa ukosefu wa vitamini D au madini ya kalsiamu. Huwashangaza wengi kwamba huonekana katika nchi za jua kali kama Kenya. Mwili hutengeneza vitamini D ngozi inapopigwa na jua, lakini mtoto anayeshinda ndani ya nyumba za ghorofa jijini halipati jua hilo. Katika sehemu nyingine za Afrika, jua lipo tele ila chakula hakina kalsiamu ya kutosha. Maziwa husaidia, na vilevile omena, kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yake. Riketi ikigunduliwa mapema hutibiwa kwa vitamini na madini, na mara nyingi mifupa hunyooka yenyewe.

Ugonjwa wa pili ni ule wa Blount, uliopewa jina la daktari Mmarekani aliyeueleza mwaka 1937. Huu huharibu sehemu ya ukuaji iliyo juu ya mfupa wa muundi, na huwapata zaidi watoto walioanza kutembea mapema na wenye uzani mkubwa. Hauishi wenyewe. Mtoto hufungwa vyuma vya kunyoosha miguu au kufanyiwa upasuaji.

Katika Bonde la Ufa, yakiwemo maeneo ya Nakuru na Naivasha, maji ya visima vingi yana madini ya floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Ulimwenguni hupendekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Yakizidi, meno hugeuka rangi ya kahawia, na kiwango kikiwa kikubwa kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika na miguu huweza kupinda. Kuchemsha maji hayo hakuondoi floridi. Familia huhitaji maji ya mvua au yaliyochujwa kwa njia maalumu.

Watu wazima nao wana yao. Pwani ya Kenya, matende huvimbisha mguu kutokana na minyoo inayoenezwa na mbu. Wapo pia waliougua polio utotoni wakabaki na mguu mmoja mwembamba, ingawa Afrika ilitangazwa mnamo Agosti 2020 kuwa imekomesha virusi vya asili vya ugonjwa huo. Hali nyingine, isiyojulikana sana, ni lipedema, iliyoelezwa na madaktari Allen na Hines wa Marekani mwaka 1940. Huwapata karibu wanawake pekee: mafuta hujaa kwenye nyonga na miguu yote miwili kwa usawa huku nyayo zikisalia za kawaida, miguu huuma ikibonyezwa, na huvilia damu kwa urahisi. Mwanamke mwenye hali hii huambiwa kila siku ale kidogo, ilhali hata akikonda mwili mzima miguu yake hubaki minene. Kujua kwamba huo ni ugonjwa, wala si ulafi, huwa ni nafuu kubwa kwake.

Hapa nchini, matibabu ya watoto wenye miguu iliyopinda hupatikana katika hospitali za mifupa, ikiwemo ile ya watoto ya AIC-CURE mjini Kijabe iliyofunguliwa mwaka 1998, na hospitali ya PCEA Kikuyu. Muhimu ni kwenda mtoto angali anakua, kwa sababu daktari huweza kuuelekeza mfupa kwa upasuaji mdogo. Ukuaji ukishakoma, hulazimu mfupa wenyewe ukatwe na kuungwa upya.

Umbo la kurithi si kasoro

Baada ya magonjwa yote hayo kuondolewa, hubaki watu wengi ambao miguu yao ni mizima, ila haifanani na ile inayosifiwa. Unene wa shavu la mguu hutegemea mahali msuli unapoishia na ukano unapoanzia, jambo ambalo mtu hurithi kwa wazazi. Mazoezi huupa msuli nguvu na kuukuza kiasi, lakini hayawezi kuusogeza mahali ulipoanzia. Vivyo hivyo, hakuna zoezi linalochoma mafuta ya paja pekee. Mwili huamua wenyewe uanzie wapi kupungua.

Ajabu ni kwamba miguu inayochekwa kwa wembamba ndiyo iliyoipa Kenya sifa duniani. Kuanzia miaka ya 1990, mtaalamu Bengt Saltin na wenzake kutoka Skandinavia waliwachunguza wakimbiaji wa Bonde la Ufa wakilinganishwa na wale wa kwao. Waligundua kwamba mashavu membamba ya miguu ni miongoni mwa sababu za wanariadha hao kutumia nguvu kidogo wakikimbia. Uzani ulio mbali na nyonga hugharimu zaidi kuurusha mbele: gramu 100 tu zikiongezwa kwenye kila kiatu, mkimbiaji hutumia takriban asilimia 1 zaidi ya nguvu.

Matege nayo yana shujaa wake. Garrincha, mchezaji wa Brazil aliyezaliwa mwaka 1933, alikuwa na miguu yote miwili iliyopinda kuelekea upande mmoja, na mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Kwa miguu hiyo hiyo, alitwaa Kombe la Dunia mara mbili, mwaka 1958 na 1962. Brazil haikuwahi kushindwa mechi yoyote ambayo yeye na Pele walicheza pamoja.

Haya hukaa akilini

Anayeionea haya miguu yake huamini kila mpita njia anaitazama. Mwaka 2000, mtaalamu wa saikolojia Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio kuhusu imani hiyo. Wanafunzi walivishwa fulana yenye picha ya mwimbaji ambaye waliona haya kuhusishwa naye, kisha wakaingizwa chumbani walimokaa wenzao. Walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwemo waliiona picha ile. Ukweli ni kwamba walioiona walikuwa takriban robo tu. Watu hushughulika zaidi na wanavyoonekana wao wenyewe.

Hata hivyo, haya ikikithiri huwa ni ugonjwa. Daktari Mwitaliano, Enrico Morselli, aliwaeleza mwaka 1891 wagonjwa walioteswa na fikra kwamba wana ila mwilini, ilhali wengine hawakuiona. Anayewaza kuhusu miguu yake zaidi ya saa moja kila siku, anayejitazama kiooni mara kwa mara au kukikwepa kioo kabisa, na anayekosa shule au kazi kwa sababu hiyo, anahitaji mshauri wa kisaikolojia. Tiba yake ni mazungumzo ya kitaalamu yanayobadilisha fikra na mienendo, na wakati mwingine dawa. Upasuaji wa kurembesha mara chache huwaridhisha watu wa aina hii.

Wataalamu hupendekeza haya ikabiliwe hatua kwa hatua. Aliyezoea kujifunika aanze kuvaa kaptura au rinda la magotini akiwa nyumbani, siku nyingine aende hivyo dukani, hatimaye kwenye hafla. Wasiwasi hupanda mwanzoni, kisha hushuka wenyewe iwapo hatakimbia. Si lazima kila mtu aonyeshe miguu. Wapo wanaovaa buibui, dera au suruali kwa ajili ya dini, mila au mapendeleo yao. Kipimo ni swali moja: je, angevaa vivyo hivyo hata kama angekuwa na miguu aitakayo? Jibu likiwa ndiyo, vazi hilo ni la hiari. Likiwa la, ni woga uliomchagulia.

La kuepukwa kabisa ni tembe na sindano za kunenepesha miguu na nyonga zinazouzwa kichinichini. Baadhi ya tembe za kunenepesha huwa na deksamethasoni, dawa ya nguvu inayopaswa kutolewa na daktari pekee. Ikitumiwa kwa muda mrefu huvimbisha uso na tumbo, huongeza sukari mwilini na kudhoofisha mifupa, huku misuli ya miguu yenyewe ikisinyaa. Anayeimeza ili anenepe miguu huishia kupata kinyume cha alichokitafuta.

Wajibu wa nyumbani na shuleni

Mara nyingi kejeli ya kwanza hutoka nyumbani. Shangazi husema kwa mzaha kwamba mtoto 'amechukua miguu ya nyanya yake', wote wakacheka, naye mtoto akalibeba neno hilo hadi utu uzima. Mzazi anayemsifu mwanawe kwa anachokifanya na miguu yake, kama kukimbia, kucheza ngoma au kupanda milima, humkinga zaidi kuliko yule anayemwambia kila mara kwamba ni mrembo.

Shuleni, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 hukataza mwanafunzi kutendewa mambo ya kumdhalilisha, yawe ya kimwili au ya kisaikolojia. Mwalimu anayempa mwanafunzi jina la kejeli kutokana na umbo lake hukiuka sheria hiyo. Mwanafunzi anayechokozwa na wenzake hufaidika akijibu kwa ufupi na utulivu, kwa mfano "ndiyo, ndivyo miguu yangu ilivyo", kisha aendelee na shughuli zake. Uchokozi ukizidi, amwendee mwalimu wa ushauri nasaha.

Wanaocheka nao wana neno la kukumbuka. Ajali ya barabarani, kisukari au uzee huweza kuubadilisha mguu wa mtu yeyote, hata ule uliosifiwa mtaa mzima. Waswahili walilisema hilo kwa maneno mawili: hujafa hujaumbika.