Donda Ndugu Linaanzia Ndani ya Mfupa

Huku Malindi wazee wana jina la kidonda kisichopona: donda ndugu. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuwa nalo mguuni tangu tuko darasa la nne. Linafunga, linafunguka, usaha unatoka. Siku moja kikatoka kipande cheupe, kigumu. Tukasema karogwa. Mimi pia nilisema, ndiyo maana naandika hii.

Kile kipande kilikuwa mfupa wake. Bakteria wakiingia ndani ya mfupa wa mtoto, usaha unajaa, unabana njia za damu, na sehemu ya mfupa inakufa. Sasa dawa husafiri kwa damu, na mfupa uliokufa hauna damu. Meza antibayotiki Ramadhani hadi Ramadhani, hazitafika. Lazima utolewe.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, daktari Mmarekani Winnett Orr alikuwa anasafisha mfupa, anajaza kidonda bandeji ya vaselini, anafunga plasta mguu mzima na kuuacha wiki kadhaa. Ukinuka, unuke. Na watu walipona! Penisilini ilipofika hospitalini miaka ya 1940, maambukizi mapya yakawa rahisi kutibu, lakini yale ya zamani bado yalitaka kisu. Hata leo mara nyingi daktari anasubiri kwanza mwili ujenge mfupa mpya kuzunguka ule mfu, ndiyo autoe. Akiharakisha, mguu unaweza kukosa cha kuusimamisha.

Halafu kuna sehemu yetu sisi wa Pwani. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alipima damu za watu akakuta chembe za selimundu ni nyingi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, chache kule milimani. 1954 akachapisha sababu: malaria. Ukirithi jeni moja, inakukinga. Ukirithi mbili, unaugua selimundu, damu inaziba ndani ya mifupa, sehemu zinakufa, na bakteria, hasa salmonela, wanapata makao. Kilifi kuna kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome tangu 1989, na damu za watoto wa selimundu zimechunguzwa sana pale.

Yule jamaa alifanyiwa upasuaji tukiwa sekondari. Saa hii anaendesha boda, mguu mmoja mfupi kidogo. Juzi nikamuuliza kama alishawahi kupimwa selimundu.

"Hiyo ni nini?"