Jukwaa la Barabara ya Harry Thuku

Tarehe 6 Novemba 1952 Nairobi ilifungua ukumbi mpya wa maigizo, Kenya National Theatre. Wakati wenyewe ulikuwa wa ajabu. Siku 17 kabla ya hapo Gavana Evelyn Baring alikuwa ametangaza Hali ya Hatari, Jomo Kenyatta na wenzake wakatiwa mbaroni, na wanajeshi wa Kiingereza wakashushwa mjini kwa ndege. Koloni iliyokuwa ikijiandaa kwa vita vya msituni ilijipatia mahali pa kutazamia michezo jioni.

Sheria iliyoanzisha Kituo cha Utamaduni cha Kenya, ambacho ukumbi huo ni sehemu yake, ilikuwa imepitishwa 1951. Waliolibuni wazo hilo walisema wanataka mahali ambapo Wazungu, Wahindi na Waafrika wangekutana kwa muziki na tamthilia. Lakini Waafrika waliofikiriwa walikuwa wasomi wachache wenye nafasi zao. Mchuuzi wa Kariokor au dobi wa Pumwani hakuwamo katika hesabu.

Hata ardhi yenyewe ilikuwa na kumbukumbu zake. Mbele ya ukumbi huo ipo hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa siku ya Krismasi 1904, ambako masetla wa tabaka la juu walikuwa wakikutana kunywa na kupanga mambo yao. Karibu nayo kilikuwepo kituo cha polisi, na hapo ndipo Harry Thuku alipofungiwa Machi 1922 kwa kuwahamasisha watu dhidi ya kodi na kipande, kile kitambulisho ambacho Waafrika walilazimishwa kubeba. Umati ulikusanyika kudai aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru alipoona wanaume wanaanza kusitasita, aliinua nguo yake kuwaaibisha, akawaambia wampe suruali zao. Polisi walifyatua risasi, na inasimuliwa kuwa masetla waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk nao walifyatua zao. Serikali ilikiri vifo 21. Wengine walitaja idadi kubwa zaidi, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Barabara inayopita hapo leo inaitwa Harry Thuku. Ukiongeza Chuo Kikuu cha Nairobi na jengo la redio ya taifa, vyote vikiwa hatua chache kutoka ukumbini, utaelewa kwa nini igizo lolote lililopanda jukwaani pale lilikuwa na wasikilizaji wengine zaidi ya walionunua tiketi.

Katika miaka ya kwanza hapakuwa na la kuwashtua. Vikundi vya Wazungu wapenda maigizo vilileta vichekesho vya London na nyimbo za majukwaa ya Ulaya. Hata baada ya uhuru wa 1963, bendera ilibadilika upesi kuliko ratiba ya ukumbi. Seth Adagala aliteuliwa 1968 kuwa Mwafrika wa kwanza kuuongoza, lakini baraza la usimamizi liliendelea kuwa na sauti kubwa ya Wazungu, na vikundi vya zamani vilikuwa vimezoea kujiwekea tarehe nzuri mapema. Kwa ukumbi wa maigizo, kitabu cha tarehe ndicho mamlaka yenyewe. Anayekishika anaweza kuufuta mchezo bila kuupiga marufuku.

Mwaka 1976 jambo hilo lilijitokeza peupe. Kenya ilikuwa ikijiandaa kwa FESTAC, tamasha la sanaa za Waafrika lililofanyika Lagos mwanzoni mwa 1977, na tamthilia mbili zilichaguliwa kuiwakilisha: Betrayal in the City ya Francis Imbuga, na The Trial of Dedan Kimathi, ambayo Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo waliiandika pamoja. Wasanii walitaka kuzionyesha nyumbani kwanza, tena katika majuma ambayo wageni wa mkutano mkuu wa UNESCO wangekuwa Nairobi. Uongozi wa ukumbi ukawajibu kwamba nafasi imejaa. Kulikuwa na mchezo wa kuchekesha wa Kimarekani uliokuwa ukiigizwa na kikundi cha Wazungu, na kulikuwa na wacheza baleti kutoka Ufaransa. Baada ya mvutano mrefu, uliofika hadi magazetini, tamthilia hizo mbili zilitengewa siku nane, nne kwa kila moja, kati ya 20 na 30 Oktoba.

Pengine waliowapa tarehe hizo hawakupima walichokuwa wakikitoa. Oktoba 20 ilikuwa Sikukuu ya Kenyatta, siku ya kukumbuka kukamatwa kwa wapigania uhuru. Na siku hiyo ndipo Kimathi alipopanda jukwaani.

Igizo lenyewe linamtoa Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni wa Mau Mau, katika faili ya mahakama iliyomhukumu kifo, likamrudisha miongoni mwa watu wake. Ndani yake yumo Mwanamke, muuza matunda kwa sura ya nje, anayebeba bunduki iliyofichwa ndani ya mkate ili imfikie Kimathi gerezani. Kabla ya kuandika, Ngugi na Micere walifika Karunaini, alikowahi kufundisha Kimathi, wakawasikiliza waliomjua. Huko walisimuliwa kwamba mwalimu huyo aliwahi kuunda kikundi cha maigizo alichokiita Gichamu. Kwa hiyo mtu aliyenyongwa na Waingereza Februari 1957 alikuwa, juu ya mengine yote, mtu wa jukwaa.

Adagala ndiye aliyeliongoza igizo hilo. Kila lilipofika mwisho, waigizaji walishuka wakiimba, wakapita katikati ya watazamaji, na watazamaji wakainuka kuwafuata hadi barabarani. Ngugi anasimulia kwamba usiku mmoja msafara wa nyimbo ulishika njia kuelekea Norfolk, na polisi wakauzuia. Baadaye yeye na Adagala waliitwa makao makuu ya upelelezi kuhojiwa kuhusu kuingilia maigizo ya Wazungu. Ilikuwa mwaka wa 13 wa uhuru.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Ngugi alijiunga na wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, waliojijengea jukwaa la wazi kwa mikono yao, na Oktoba 1977 wakaigiza Ngaahika Ndeenda, aliyoiandika kwa Kikuyu pamoja na Ngugi wa Mirii. Serikali iliisimamisha kabla Novemba haijaisha, na siku ya mwisho ya mwaka huo Ngugi akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani.

Februari 1982 Kamiriithu walikuja mjini. Walikuwa wamefanya mazoezi ya mchezo mwingine, Maitu Njugira, uliojaa nyimbo za makabila mbalimbali ya Kenya, na ukumbi wa taifa ndio waliotaka kuanzia. Kibali hakikutoka. Waigizaji walipofika walikuta milango imefungwa na polisi wanalinda. Wakahamia Chuo Kikuu, ng'ambo tu ya pale, wakaendelea na mazoezi huku watu wakifurika kuyatazama, mpaka na huko wakafukuzwa. Mwezi uliofuata polisi walilibomoa jukwaa la Kamiriithu.

Kuhusu miaka iliyofuata hatuhitaji kukaa sana. Ukumbi uliishi kwa tamasha, vichekesho na tamthilia za vitabu vya shule, huku viti na mitambo ikichakaa. Wapo waliouacha kabisa: Wahome Mutahi alipeleka michezo yake ya Kikuyu kwenye mabaa, walikokuwa watu. Mwaka 2015 ukumbi ulikarabatiwa, na Rais Uhuru Kenyatta akaufungua upya.

Kisha Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ikaigizwa katika ukumbi huohuo, kwa Kiingereza na kwa Kikuyu, mlangoni pakikatwa tiketi tu. Ilikuwa imechukua miaka 45 kuvuka kutoka Limuru, mwendo wa chini ya saa moja kwa matatu. Si haki kuudharau ushindi huo, ingawa watazamaji wa Nairobi waliolipia viti si wale wakulima na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu wa Limuru waliouzaa mchezo.

Kiswahili nacho kina deni lake hapa. The Trial of Dedan Kimathi ilitafsiriwa na Raphael Kahaso, ikachapishwa 1978 kwa jina la Mzalendo Kimathi, katika lugha ambayo mchuuzi wa Kariokor angeielewa bila mkalimani. Tangu Katiba ya 2010, tarehe 20 Oktoba ni Sikukuu ya Mashujaa. Kikundi chochote kinachotafuta mchezo wa kuonyesha siku hiyo kinao tayari, na kiende kikaombe tarehe mapema.