Redio ya Baharini: Nani Anamsikiliza Mvuvi wa Kipungani?

Wadau, SOS ilikubaliwa Berlin mwaka 1906. Kwa miongo mingi waendesha redio melini walisikiliza masafa ya kHz 500, wakinyamaza dakika tatu, mara mbili kila saa, ili anayezama asikike. Februari 1, 1999 mfumo wa GMDSS ukachukua kazi yao: unabonyeza kitufe, mtambo unatuma ujumbe wenyewe.

Lakini mfumo huo ni lazima kwa meli za abiria na za mizigo za tani 300 kwenda juu, safari za kimataifa. Mashua ya Kipungani, kisiwani Lamu, haimo. Hata ikibeba VHF, chaneli 16 haivuki sana upeo wa macho, na kituo cha uokoaji kilichofunguliwa Mombasa 2006 kiko zaidi ya kilomita 200. Kwa hiyo msikilizaji wake wa kwanza ni mashua jirani, nayo ikiwa na redio iliyowashwa. Mnasemaje?