Hati za Chombo na Hati za Mtu

Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, ni kijiji cha mafundi wa majahazi. Zamani kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni, na kusi ikavirudisha. Nahodha alihitaji tanga zima, maji ya kunywa na mwenyeji wa kumpokea bandarini. Leo kijana wa Matondoni atakaye kazi Omani hana budi kuwa na pasipoti, viza na kibali cha kukaa. Lakini katika bahari yetu ugomvi mkubwa wa hati ulianza na vyombo.

Sultani Barghash wa Unguja alipiga marufuku biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, wala biashara haikwisha. Manowari za Kiingereza zilipekua majahazi. Wafaransa hawakukubali vyombo vyenye bendera yao vipekuliwe hivyo. Basi baadhi ya manahodha wa Sur, bandari ya Omani, wakajipatia hati na bendera za Kifaransa. Wamo waliokuwa wachuuzi wa halali, na wamo waliochukua watu ngamani. Fikiri, msomaji: karatasi iliyompa nahodha amani ndiyo iliyomnyima mateka mwokozi. Mateka hakuulizwa yeye ni raia wa nani.

Sultani wa Muskati alinung'unika kwamba raia zake wanajitoa katika amri yake. Uingereza na Ufaransa zikapeleka shauri kwa waamuzi watatu mjini The Hague. Mmoja wao alikuwa Melville Fuller, Jaji Mkuu wa Marekani, ambaye sidhani kama alipata kupanda jahazi. Tarehe 8 Agosti 1905 walikata shauri: baada ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa na haki ya kuwapa bendera raia wa Muskati, ila waliothibitisha kuwa walikuwa chini ya himaya yake kabla ya 1863. Tena ruhusa ile haikuweza kuhamishwa kwa mtu mwingine, wala kwa chombo kingine cha mwenyewe yule yule. Mwana aliweza kurithi jahazi, bendera hakuirithi.

Lamu nayo ilikuwa milki ya Sultani wa Unguja, ikitawaliwa na Waingereza kwa niaba yake tangu 1895. Katika mapatano ya tarehe 8 Oktoba 1963 Sultani aliiachia Kenya pwani hiyo, na tarehe 12 Desemba Kenya ikawa huru. Mtu wa pwani aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja akiwa kazaliwa Kenya, akawa raia siku ile ile. Ambaye wazazi wake wote wawili walizaliwa ng'ambo alipewa hadi tarehe 12 Desemba 1965 kuomba aandikishwe. Hivyo fundi wa Matondoni, huku akipigilia misumari katika ufuko aliouzoea tangu utoto, ilimpasa akumbuke mama yake alizaliwa wapi. Naye hakuwa amesafiri kwenda popote.