Chama cha Sir Arthur Sullivan: Historia Fupi ya Wapenzi wa Kazi Zilizosahauliwa

Wasomaji wetu wengi waliokulia kanisani wameimba "Twendeni Askari" tangu wakiwa watoto. Maneno ya Kiingereza ambayo wimbo huo ulitafsiriwa kutoka kwayo yaliandikwa na kasisi Sabine Baring-Gould mwaka 1865. Sauti yake ilitungwa mwaka 1871 na Arthur Sullivan wa London, naye akaiita St Gertrude, kwa jina la mama aliyekuwa amemkaribisha nyumbani kwake. Mwezi Desemba wa mwaka huohuo Sullivan alifanya kazi yake ya kwanza na mwandishi W. S. Gilbert, mchezo wa muziki ulioitwa Thespis. Ushirikiano huo ulimletea sifa kubwa, na pia ndio ulioifunika nusu nyingine ya kazi zake. Katika toleo hili tumeonelea tueleze habari za chama kilichoanzishwa ili kuifunua nusu hiyo.

Sullivan alizaliwa Lambeth, London, tarehe 13 Mei 1842. Baba yake alikuwa mwanamuziki wa bendi, baadaye kiongozi wa bendi ya chuo cha kijeshi cha Sandhurst. Kijana huyo aliimba katika kwaya ya kifalme, na mwaka 1856 akawa mtu wa kwanza kupata ufadhili wa masomo wa Mendelssohn, uliomfikisha hadi Leipzig, Ujerumani. Mwaka 1866, akiwa na umri wa miaka 24 tu, alitoa simfonia, konseto ya sello, na utangulizi wa okestra kwa kumbukumbu ya baba yake aliyefariki mwaka huo. Waingereza waliona kwamba hatimaye wamempata mtunzi wao mkubwa.

Kisha wakaja Gilbert na Richard D'Oyly Carte. Gilbert aliandika maneno, Sullivan akatunga muziki, na Carte akatafuta fedha na wachezaji. H.M.S. Pinafore ya mwaka 1878 ilichezwa mara 571 mfululizo. Mwaka 1881 Carte alijenga ukumbi wa Savoy, jengo la kwanza la umma duniani kuangazwa lote kwa umeme, na humo ndimo The Mikado ilimochezwa mara 672 kuanzia mwaka 1885. Kati ya mwaka 1871 na 1896 Gilbert na Sullivan walitoa kazi 14 kwa pamoja. Sisi walimu wa lugha tunafurahi kuona kwamba katika jina la wawili hao mwandishi wa maneno ndiye anayetajwa kwanza. Sullivan mwenyewe huenda hakufurahi sana. Alipopewa cheo cha Sir mwaka 1883, wakubwa wa muziki walimkumbusha kwamba mtu wa heshima kama yeye hapaswi kupoteza wakati kwa vichekesho. Alipofariki tarehe 22 Novemba 1900, baadhi ya wahakiki waliandika waziwazi kwamba alikiuza kipaji chake. Edward Elgar, mtunzi aliyekuwa akichipukia wakati huo, alichukizwa na maneno hayo na kumtetea.

Mapenzi ya watu hayakungoja wahakiki. Mwaka 1924 Chama cha Gilbert na Sullivan kilianzishwa mjini London, na vyama vya aina hiyo vikaenea katika nchi nyingi zinazosema Kiingereza. Shule, makanisa na vikundi vya ridhaa vilicheza michezo ile mwaka hadi mwaka. Hata hivyo, kampuni ya D'Oyly Carte ndiyo pekee iliyokuwa na haki ya kuicheza kwa malipo nchini Uingereza, hadi haki hiyo ilipokwisha mwishoni mwa mwaka 1961, miaka 50 baada ya kifo cha Gilbert. Kwa miaka hiyo yote mapenzi yalikuwa ya kurudia: nyimbo zilezile na mikao ileile jukwaani. Hatusemi hayo kwa dharau. Bila marudio hayo huenda michezo ile isingedumu. Lakini simfonia, kantata, nyimbo za dini na muziki wa dansi havikuwa na wa kuvirudia.

Athari ya kusahauliwa huko ilionekana wazi mwaka 1964. Moto uliwaka katika jengo la wachapishaji Chappell mjini London, na noti za konseto ya sello za mwaka 1866 zikateketea. Konseto hiyo haikuwa imechapishwa. Thespis nayo ilikuwa imekwisha kupotea, isipokuwa vipande vichache, kikiwemo kimoja ambacho Sullivan mwenyewe alikihamishia katika The Pirates of Penzance.

Katika hali hiyo ndipo Chama cha Sir Arthur Sullivan kilipoanzishwa mwaka 1977. Tunaomba msomaji aangalie jina: Gilbert hayumo. Waanzilishi hawakuichukia michezo ya Savoy. Waliona tu kwamba michezo hiyo ina walezi wa kutosha, wakajitwika kazi zisizo na mlezi. Walianza kutoa jarida, kukutanisha wanachama kwa siku kadhaa za muziki na mihadhara, kutafuta noti zilizotawanyika, na kuchangisha fedha ili kazi hizo zichezwe na kurekodiwa.

Mapenzi ya namna hii yana hatari yake. Ukipenda, chongo utaita kengeza, na chama cha wapenzi huweza kusifu kila kitu. Kwa maoni yetu, The Light of the World, kazi ya dini ya mwaka 1873, ni ndefu mno, wala haihitaji kutetewa kwa nguvu. Lakini mtu hawezi kuhukumu asichokisikia, na hapo ndipo chama kilipofanya kazi kubwa. Opera ya Ivanhoe ilifunguliwa tarehe 31 Januari 1891 katika ukumbi ambao Carte aliujenga makusudi kwa opera za Kiingereza. Ilichezwa zaidi ya mara 150, kisha mpango mzima wa ukumbi ule ukaanguka, na opera ikaanguka nao. Kwa miaka mingi watu walisoma kwamba Ivanhoe ilikuwa kazi mbovu, na wengi wa waliorudia maneno hayo hawakuwahi kuisikia. Rekodi yake kamili ya wanamuziki wa kulipwa ilitolewa mwaka 2010, kwa msaada wa fedha zilizochangishwa na chama. The Beauty Stone ikafuata mwaka 2013. Sasa anayetaka kuikosoa Ivanhoe anaweza kuisikiliza kwanza.

Na konseto iliyoungua? Kiongozi wa okestra Charles Mackerras alikuwa ameiongoza mwaka 1953, miaka 11 kabla ya moto. Sehemu ya mpigaji sello ilikuwa imesalia. Kwa sehemu hiyo, na kwa yale aliyoyakumbuka kichwani, Mackerras akishirikiana na David Mackie aliiandika upya, na mwezi Aprili 1986 ikasikika tena London katika ukumbi wa Barbican, Julian Lloyd Webber akipiga sello. Laiti Mackerras asingeiongoza mwaka ule wa 1953, kusingekuwa na kumbukumbu ya kuirudia.

Habari hizi zimetufanya tulifikirie kabati la idara yetu. Kila mwaka chama chetu cha Kiswahili hucheza angalau mchezo mmoja uliotungwa na wanafunzi wenyewe, aghalabu ukiwa na nyimbo. Tulipotafuta miswada ya michezo ya zamani ili tuitumie darasani, tulikuta mabango na picha za wachezaji, lakini michezo yenyewe hatukuiona. Wahitimu wenye nakala, hata za mkono, hata zilizokatika kurasa, pamoja na wanaokumbuka sauti za nyimbo zilizoimbwa, tunawaomba wafike ofisi ya idara siku yoyote ya kazi. Tuna mashine ya kunakilia, na nakala ya asili itarudishwa kwa mwenyewe siku hiyohiyo.